Mkono wa Tabibu ni Amana



Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukaliona dogo, nalo ni kunawa mikono. Usicheke. Najua utasema: sheikh huyu amekosa la kutufundisha hata atufundishe kunawa, na ilhali Muislamu hutawadha mara tano kwa siku tangu utoto wake? Miaka michache iliyopita nami ningesema kama wewe. Lakini swali ninalolileta mbele yako si la maji na sabuni. Swali ni hili: mtu ambaye kazi yake ni kuponya, akimdhuru mgonjwa kwa mkono ambao hakuunawa, naye anajua kuwa ilimpasa kuunawa, na hakuna aliyemuona, wala hakuna atakayejua kabisa mpaka siku ya Kiyama, je, mtu huyo ana jukumu gani? Na sisi tuliokaa kando ya kitanda tukaona tukanyamaza, letu ni lipi?

Mimi ni mtu wa Mkumbara, hapa chini ya milima ya Usambara, kwenye reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Wengi wetu wazee wetu waliletwa hapa na mkonge. Zama za Wajerumani palikuwa na waya mkubwa ulioteremsha mbao kutoka Shume huko juu hadi hapa stesheni, na wazee walikuwa wakitusimulia habari zake tulipokuwa watoto, nasi tukidhani ni hadithi za majini. Basi kwenye kijiji hiki nimesomesha madrasa zaidi ya miaka thelathini, na miongoni mwa wanafunzi wangu yuko binti mmoja aliyehitimu juzuu zake kwenye baraza yangu, na leo ni muuguzi mji mwingine. Alipokuja likizo alipita kunisalimu.

“Shikamoo, maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?”

Hakunijibu kama watu wanavyojibu. Alisema, “Maalim, kazini kwetu twawadhuru watu kwa mikono yetu, na huku twawapenda.”

Nilimkalisha kitako, nikamwambia anieleze. Akanieleza habari za Unguja na Pemba. Watafiti walikaa katika wodi 10 za kuzalishia zenye wazazi wengi kuliko zote Zanzibar, wakawatazama wakunga na waganga 104 wanapofanya kazi, na taarifa yao ikatolewa mwaka 2019. Walihesabu mara 781 ambazo ilimpasa mzalishaji awe na mikono safi kabla ya kumgusa mama mahali ambapo uchafu ukiingia huingia mwilini. Katika mara zote hizo, waliponawa au kupaka dawa ya kutakasa ni asilimia 24.6, yaani robo haikutimia. Na ukitaka waliofanya yote sawasawa, wakatakasa mikono, wakavaa glovu, kisha wasiguse kitu kingine kabla ya kumgusa mzazi, walibaki asilimia 9.6 tu. Na jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba nusu ya nyakati walizonawa au kuvaa glovu, waliichafua tena mikono bila ya kujua.

Hili sisi watu wa madrasa twalifahamu kuliko wengine. Ni kama mtu aliyetawadha vizuri kabisa, akasugua vidole na akapaka masikio, kisha udhu ukamtenguka njiani, naye akaingia safuni akaswali. Juhudi yake ilikuwa ya kweli na maji aliyotumia yalikuwa ya kweli. Lakini udhu hana. Mkunga naye amenawa mpaka kwenye viwiko, kisha mkono ule ule ukavuta pazia, ukasogeza kitanda, ukafungua kabati, halafu ukamwendea mzazi. Na glovu nayo humdanganya mtu, kwani huona mkono wake umefunikwa akadhani umetakasika, akaguse nayo huku na huku, wagonjwa wawili kwa glovu moja. Glovu hukukinga wewe uliyeivaa. Mgonjwa haimkingi ikiwa imeshashika kila kitu chumbani.

Mwanangu yule aliniambia kwamba wanafundishwa nyakati 5 za kutakasa mikono, na ndizo zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kumtia sindano au kufungua kidonda, baada ya kupatwa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vilivyomzunguka, kitanda chake na shuka zake. Nikamuuliza, katika hizi, watu huzifuata zipi zaidi? Akacheka kidogo, akasema, “Zile za baada, maalim.”

Zingatia hapo, ewe msomaji. Jambo hili limeonekana katika hospitali za nchi nyingi, tajiri na masikini: watu hunawa zaidi baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla. Kunawa baada hunikinga mimi, hunikinga nisiupeleke uchafu nyumbani kwa wanangu. Kunawa kabla humkinga yeye. Sitaki kusema kwamba waganga ni wabaya. Nafsi ya mwanadamu ndivyo ilivyo, ya kwake huyaona makubwa. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba imani ya mtu haijatimia mpaka ampendelee ndugu yake lile analoipendelea nafsi yake, na mimi sijaona pahala ambapo mafundisho hayo yanapimwa wazi wazi namna hii kama kwenye beseni la hospitali, mara ya kabla na mara ya baada.

Sasa nikueleze kisa cha mji wa Vienna, ambacho yeye alinisimulia na mimi nikakifuatilia. Katika hospitali kuu ya mji ule palikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza walifanya kazi madaktari na wanafunzi wao, na ya pili walifanya kazi wakunga. Homa ya uzazi iliwaua wanawake wodi ya kwanza kuliko ya pili. Mwaka 1846 walikufa 11 na zaidi katika kila wazazi 100 kwa madaktari, na kwa wakunga hawakutimia 3. Wanawake wa mjini walijua, wakawa wanalia wasipelekwe wodi ya kwanza, na wengine wakaona heri wazalie njiani. Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, Mhungari, akawa hapati usingizi kwa jambo hili. Alipima kila kitu, hata mlio wa kengele ya padri aliyekuwa akipita kwa wanaokufa. Kisha mwaka 1847 rafiki yake, daktari Kolletschka, akachomwa na kisu katika kupasua maiti, akafa, na ugonjwa wake ukawa ni ule ule wa wazazi. Hapo Semmelweis akafahamu. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti asubuhi wakaja kuwapima wazazi kwa mikono ile ile. Wakunga hawakuwa wakipasua maiti.

Akaamrisha kila anayeingia aoshe mikono kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini. Mwaka 1848 vifo vya wodi ya kwanza vikashuka mpaka kama 1 na kidogo katika 100, sawa na vya wakunga.

Je, walimshukuru? La. Wengi walimpinga, mwaka 1849 hakurudishwa kazini pale, akarejea kwao Pest, na alipokufa mwaka 1865, akiwa na miaka 47, walikuwa wamemtia katika nyumba ya wenye maradhi ya akili. Kabla yake, mwaka 1843, daktari wa Boston aitwaye Oliver Wendell Holmes alikwisha sema kwamba madaktari wenyewe ndio wanaopeleka homa ile kutoka kwa mzazi hadi kwa mzazi, naye pia alijibiwa kwa hasira. Watu husema sababu yake ni kwamba vijidudu vilikuwa bado havijajulikana. Ni kweli, lakini mimi naona sababu nyingine. Kukubali kwamba yatupasa kunawa leo ni kukubali kwamba jana tuliua. Hilo ndilo zito. Semmelweis mwenyewe alilibeba: katika kitabu chake cha mwaka 1861 alikiri kwamba yeye naye, aliyekuwa akishika maiti sana kwa bidii ya elimu, amewapeleka wanawake wengi makaburini kabla ya siku zao. Sikumjua mtu huyu wala dini yake haikuwa yangu, lakini kukiri huko kumenikaa moyoni, na nitarudi kwake.

Ya zamani hayo, utasema. Haya sikiliza ya juzi. Mwaka 1994 katika hospitali ya Geneva, nchi isiyokosa maji wala sabuni, daktari Didier Pittet na wenzake walitazama wakakuta kwamba palipopasa kunawa watu walinawa asilimia 48 tu. Wauguzi 52, na madaktari 30. Umeona? Mwenye elimu zaidi ndiye aliyenawa haba zaidi. Wakaweka dawa ya kupaka kando ya kila kitanda, wakabandika picha ukutani, wakuu wakaingia wenyewe katika kazi, na mwaka 1997 kunawa kukafika asilimia 66. Maradhi yanayopatikana hospitalini yakashuka kutoka wagonjwa 16.9 katika 100 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Fikiri, hawakuvumbua dawa mpya ya kunywa hata moja.

Kwa nini daktari mkubwa anawe haba kuliko muuguzi? Mwanangu alisema: “Maalim, nani atamwambia?” Muuguzi akisahau, mkuu wake humkemea. Daktari akipita na kundi lake wodini, kitanda kwa kitanda, wote nyuma yake wanatazama mikono yake, na wanafunzi wanajifunza kwa macho. Akinawa, wote watanawa. Asiponawa, amekwisha wafundisha. Na hili lisitufurahishe sisi mashekhe kwa kuwa limewafika madaktari, kwani nasi tuna watu wasioambiwa.

Jambo lingine. Katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, waliweka mitambo katika vyombo vya sabuni na dawa inayohesabu kila vinapotumiwa. Halafu wakalinganisha nyakati ambazo mkaguzi amesimama pale anaonekana na nyakati ambazo hayupo. Taarifa yao ya mwaka 2014 inasema mbele ya mkaguzi vilitumiwa yapata mara tatu zaidi. Mara tatu! Basi hapa hatuzungumzi tena juu ya ujinga, kwani watu wale walijua, wala juu ya maji, kwani yalikuwapo. Twazungumza juu ya jicho. Na maulamaa wetu wana jina la ugonjwa huu, ni riya, na wana jina la dawa yake, ni ihsani, ile aliyoulizwa Mtume na Jibrili akajibu kwamba ni kumuabudu Mwenyezi Mungu kama kwamba unamuona, na ikiwa wewe humuoni, Yeye anakuona. Sisi tumeifungia ihsani katika swala. Twaswali vizuri faraghani, twaona tumekwisha fika. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku, saa nane, peke yake, watu wamelala, na mtoto wa siku mbili analia kwenye kitanda cha tatu, naye ametoka kumgeuza mgonjwa mwenye kidonda kitanda cha pili, hatua chache baina ya vitanda hivyo viwili ndiyo mahali ihsani inapojulikana ipo au haipo. Hakuna mtihani mkubwa wa imani yake kuliko huo, hata kama yeye haujui kwa jina hilo.

Wala usidhani hatari ni ya kupiga chuku. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 na 2002 walifuatilia watoto 1,828 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizo mwilini. Waliothibitika kuwa na vijidudu katika damu, yapata 35 katika 100 walifariki. Wenye malaria walifariki yapata 20 katika 100. Sisemi kwamba vijidudu hivyo vyote vilitoka kwenye mikono ya waganga, la. Wengi waliingia hospitali nao. Nasema kwamba tunayemuogopa ni mbu, na tumemsahau mwingine.

Sasa nami niwe muadilifu. Kuna anayeacha kunawa na hana dhambi. Maji yamekatika siku ya tatu, sabuni hakuna, dawa ya kupaka imekwisha tangu mwezi jana. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake, na huyo dhambi yake imehamia kwa aliyepewa fedha za bomba na bomba halikufika. Na hata maji yakiwapo, tufanye hesabu. Kunawa kwa maji na sabuni kunataka sekunde 40 hadi 60. Muuguzi mwenye wagonjwa 30 akinawa kabla na baada kwa kila mmoja, mara moja tu, huenda ikapita hata saa nzima amesimama kwenye bomba, na wagonjwa wamuita. Ndiyo maana dawa ya kupaka, ambayo hutaka sekunde 20 hadi 30 na haihitaji maji wala taulo, ikasaidia sana.

Na hapo lazima nisimame kidogo, kwani najua kuna wauguzi wetu wa Kiislamu wanaoiogopa dawa hiyo kwa sababu ina alkoholi, na wameniuliza. Sisi wa madhehebu ya Imam Shafi tumesoma kwamba ulevi ni najisi, na mwenye kujitahadhari hatumcheki. Lakini dawa ile imetengenezwa kuua vijidudu, si kinywaji. Ile iliyopangwa na Shirika la Afya ina spiriti yapata asilimia 80, imetiwa glisirini kidogo ngozi isipasuke, na dawa nyingine ya kuua mbegu za vijidudu, hainywiki. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 16 mjini Makka, Januari 2002, limeruhusu alkoholi kutumiwa nje ya mwili kusafisha vidonda na kuua vijidudu. Tena hukauka mara moja mkononi. Anayebaki na wasiwasi, atumie kazini kwa haja ya wagonjwa, kisha anawe kwa maji wakati wa swala ukifika. Kuacha kuipaka kwa uchamungu, halafu ukamshika mtoto mchanga kwa mkono mchafu, huo si uchamungu niliousoma mimi.

Ama sisi wa nje ya hospitali, tusijitoe. Mgonjwa mmoja hutembelewa na watu kumi na tano, kila mmoja ampe mkono, amkalie kitandani, kisha ahamie kitanda cha jirani kumpa pole, kwa kuwa ni jirani. Nia njema, na mikono je? Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mlango wa msikiti, wa duka na wa ofisi ulikuwa na ndoo na bomba lake. Leo zitafute ndoo hizo. Ya kwetu niliikuta jikoni imetiwa maharage.

Na je, inafaa kumwambia muuguzi anawe? Watu wengi wataona ni utovu wa adabu, na wengine wanaogopa mgonjwa wao asije akachukiwa. Nafahamu. Lakini kuamrisha mema hakukuwekewa mpaka mlangoni pa hospitali. Sema kwa upole: “Mwanangu, samahani, umenawa?” Au, ukiona vigumu, mmiminie maji mwenyewe, kama tunavyommiminia mgeni kabla ya chakula. Sijaona aliyekasirika kwa kumiminiwa maji.

Nimefika kwenye lile ambalo limenisumbua kuliko yote. Mzazi akifa, mtoto akifa, sisi husema: siku zake zimetimia. Na ni kweli, ajali haitangulii wala haichelewi. Lakini nimeona neno hili likitumiwa kama shuka jeupe, kufunika pahala ambapo pangetazamwa. Sayyidna Omar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba kuna tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari. Na Mtume mwenyewe amemuamrisha aliyeamka usingizini asitumbukize mkono katika chombo mpaka auoshe mara tatu, kwa kuwa hajui mkono wake umelala wapi. Ewe msomaji, mkono wa mtu aliyelala kitandani kwake! Basi mkono uliopita vitanda kumi utasemaje? Na maulamaa wamepokea kwamba mwenye kujitia katika uganga bila kuujua hulipa alichoharibu. Hawakusema: aachwe, kwani ni kadari.

Nasema haya nami nina langu, na sitaki umalize kusoma ukidhani nimesimama juu ya mimbari mikono yangu ikiwa mieupe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu, niliitwa kumuosha mzee mmoja aliyefariki. Alikuwa na kidonda cha mguu cha siku nyingi. Nilimuosha, tukamkafini. Nimesoma na nimesomesha kwamba ni sunna kwa aliyeosha maiti kuoga. Siku ile sikuoga. Jua lilikuwa kali, maji ya pale yalikuwa yamekwisha kwa maiti, nikajimwagia kidogo mikononi, bila sabuni, nikasema nitaoga nyumbani baada ya maziko. Tulipotoka makaburini kijana mmoja akanishika mkono: mkewe amejifungua hospitali jana, mtoto ameletwa nyumbani asubuhi hii, wananingoja. Nilifurahi. Nikaenda. Nikamuadhinia mtoto sikioni, nikatafuna tende, na kwa kidole changu hiki cha shahada nikampaka kinywani, kama ilivyo sunna. Sunna ile sikuiacha, na ile nyingine niliyoiacha ndiyo ingemkinga.

Siku ya nne mtoto akaacha kunyonya, mwili ukawa wa moto. Siku ya sita akafariki. Nilimswalia mimi. Na mimi ndiye niliyewaambia wazee wake: siku zake zilikuwa hizo, na huyo ni wa peponi, atawashika mkono. Wakanishukuru.

Wala sikuwaza lolote, miaka ishirini na zaidi, mpaka jioni ile mwanangu muuguzi aliponihadithia habari za Vienna, za waliotoka kwenye maiti wakaenda kwa wazazi. Aliendelea kusema, nami nilikuwa simsikii tena.

Je, ni mimi? Hakuna awezaye kujua. Mtoto mchanga hupata homa kwa njia nyingi: kitovu, maji, mkono wa aliyemzalisha, mikono ya majirani waliokuja kumpongeza mama. Nimeifikiri mas'ala hii kama ningeulizwa na mtu mwingine. Anayeua kwa makosa ana kafara, imo katika Suratun-Nisaa aya ya 92, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Lakini kafara haiwi kwa shaka. Asili ni kuwa dhima ya mtu haina deni mpaka lithibiti. Ningemjibu muulizaji: huna kitu juu yako, muombe Mungu msamaha. Hivyo ndivyo fiqhi inavyosema, na siifanyi kuwa nzito kwa mtu mwingine yeyote. Mimi nilifunga miezi miwili. Mke wangu aliniuliza ni nadhiri gani hii, nikamwambia ni ya zamani.

Ikabaki jambo moja. Istighfari ni baina yangu na Mola wangu, lakini haki ya mja iko kwa mja. Yule mama yupo hapa hapa Mkumbara. Alijaliwa watoto wengine wanne, mmoja nimemsomesha mimi. Huuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara, na kila nipitapo huniamkia na kuniwekea hindi. Nilijadiliana na nafsi yangu miezi. Upande mmoja husema: utamfungulia jeraha lililokwisha funga, kwa jambo usilo na yakini nalo, ili wewe upumue. Na hiyo hoja ina nguvu, wapo maulamaa walioisema katika mfano wa kusengenya. Upande wa pili husema: umemwambia siku ile jambo ambalo hukulijua kuwa ndilo, na amelibeba kama neno la sheikh.

Mwezi wa Rajabu uliopita nilikwenda, nikakaa kwenye benchi lake. Nilimuelezea yote kama nilivyokueleza wewe, maiti, maji kidogo, tende, kidole. Nikamuomba radhi. Aligeuza mahindi yake, hili na hili, yote, mpaka nikadhani hakunisikia. Gari mbili zikapita hakusimama kuuza.

Kisha akasema, “Nimekusamehe, maalim.” Akanyamaza tena. Halafu akaniuliza, “Na yule wa hospitali aliyenizalisha, yeye alinawa?”

Nikamwambia sijui.